Mwenye shangwe na mwenye kura: namna ya kuwapima watia nia wa urais ndani ya chama

SWALI: Mwaka 2015 nilikuwa kidato cha nne. Mtaani kwetu hakuna aliyebisha kwamba Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani, ndiye mgombea urais wa CCM. Watu walibishana tu juu ya nani atakuwa waziri mkuu wake. Akakatwa jina hata kabla ya kupigiwa kura. Tangu hapo, kila chama kinapotafuta mgombea, nasoma zile orodha za "nani anaongoza" na siziamini tena. Je, kuna namna ya kuwapima watia nia kwa akili, au ni kubahatisha? Na mbona Wamarekani wanaonekana kujua mapema? Ni kwa sababu kule wanachama wenyewe ndio wanaopiga kura?

JIBU: Namna ipo, ila inaanzia mahali ambapo orodha hizo haziangalii. Waandishi wake humchukua mtia nia na kumkagua umri, elimu, uzoefu, kashfa na ukubwa wa umati wake. Mimi humwacha kwanza. Nachukua katiba ya chama na ratiba ya vikao, naandika pembeni ya kila kikao nani wanakaa humo, kisha najiuliza watu hao wanaogopa nini. Mtia nia nakuja kumtazama baadaye, na mara nyingi nikifika kwake nusu ya swali imeshajibika.

Tuanze na 2015, maana ndiko kulikokuumiza.

Makada 42 walichukua fomu za kuomba kuteuliwa na CCM, 38 wakazirudisha. Sharti mojawapo lilikuwa kupata wadhamini 450 katika mikoa isiyopungua 15, mitatu kati ya hiyo ikiwa ya Zanzibar. Lowassa alitangaza nia Arusha, uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Mei 30, akazunguka nchi na kurudi na wadhamini laki kadhaa. Wapambe wake waliitangaza idadi hiyo kama matokeo ya uchaguzi. Lakini kwa mujibu wa kanuni, mdhamini wa 451 hakuwa na kazi yoyote. Hakuna kikao hata kimoja mbele ya safari ambacho kingemhesabu.

Vikao vyenyewe vilipangwa hivi: majina yanapita kwanza Kamati ya Usalama na Maadili, kisha Kamati Kuu inabakiza matano, Halmashauri Kuu ya Taifa inabakiza matatu, ndipo Mkutano Mkuu unachagua moja. Sasa jiulize nguvu ya Lowassa ilikuwa wapi. Ilikuwa kwa wanachama wa kawaida, kwa viongozi wa mikoa na wilaya, kwa wajumbe wa Halmashauri Kuu na wa Mkutano Mkuu. Kadiri kikao kilivyokuwa kikubwa, ndivyo alivyokuwa na watu wengi ndani yake. Udhaifu wake ulikuwa kwenye vikao vidogo, na vikao vidogo ndivyo vinavyotangulia. Kama ngazi zingepangwa kinyume, Mkutano Mkuu ukianza na Kamati Kuu ikimalizia, leo tungekuwa tunasimulia mambo mengine kabisa.

Alikatwa Julai 10, Dodoma. Usiku huohuo wajumbe watatu wa Kamati Kuu, Emmanuel Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa, walijitokeza mbele ya waandishi kujitenga na uamuzi. Sikiliza walicholalamikia, kwa sababu ndicho kiini cha jibu langu: kwamba majina yalifika mezani kwao yakiwa yameshachambuliwa, na Kamati Kuu haikupata nafasi ya kuyajadili yote. Yaani wakati taifa zima limekodolea macho Kamati Kuu, uamuzi ulikuwa umeshafanyika ngazi moja nyuma yake, katika kamati ambayo wasomaji wengi wa magazeti hawakuwa hata wanajua nani wanakaa humo. Siku iliyofuata, mwenyekiti Jakaya Kikwete alipoingia kwenye kikao cha Halmashauri Kuu, wajumbe walimpokea kwa wimbo wa kusema wana imani na Lowassa. Waliimba kweli, na walikuwa wengi, ila jina halikuwemo tena kwenye karatasi.

Wala hakukatwa peke yake. Mohamed Gharib Bilal, Makamu wa Rais aliyekuwa madarakani, hakuingia tano bora. Mizengo Pinda, Waziri Mkuu aliyekuwa madarakani, hakuingia. Frederick Sumaye, waziri mkuu wa miaka kumi, hakuingia. Augustino Ramadhani, Jaji Mkuu mstaafu, hakuingia. Mtu anayepima kwa wasifu hawezi kuieleza orodha hiyo hata akikesha.

Waliobaki walikuwa Bernard Membe, January Makamba, John Magufuli, Asha-Rose Migiro na Amina Salum Ali. Na hapa ndipo mchezo unaponivutia kuliko sehemu nyingine zote, ingawa watu huupita haraka wakikimbilia kwenye kilio cha Lowassa. Wafuasi wake ndani ya Halmashauri Kuu hawakuwa na mgombea tena, lakini kura zao walikuwa nazo. Kundi la namna hiyo haliulizi tena "tunamtaka nani". Linauliza "nani tusimruhusu apite". Membe, waziri wa mambo ya nje, alikuwa akitajwa kwa miaka kadhaa kama hasimu mkubwa wa Lowassa na mtu wa karibu na mwenyekiti. Kura zilipopigwa, Membe na Makamba walidondoka. Wakabaki Magufuli, Migiro na Amina. Wachambuzi wengi waliisoma kura ile kuwa ya hasira, na mimi naisoma hivyohivyo.

Magufuli alikuwa nani katika hesabu hiyo? Waziri wa ujenzi, mbunge tangu 1995, mtu aliyechukua fomu bila mikutano ya mbwembwe wala msafara wa wapambe. Hakuwa na kundi. Miezi michache kabla, kila mchambuzi alihesabu hilo kama upungufu wake mkubwa. Lakini makundi mawili yenye nguvu ya kuzuiana yanapofika ukutani, mtu asiye na kundi ndiye pekee ambaye hakuna anayelala na hofu naye. Mkutano Mkuu ulimpa kura 2,104, sawa na asilimia 87. Amina 253, Migiro 59. Ukizitazama namba hizo peke yake utadhani chama kizima kilimtaka tangu mwanzo. Wakati zinapigwa, shughuli ilikuwa imeisha.

Kwa hiyo ninapompima mtia nia, swali langu la kwanza ni kama anapita kwenye kikao kidogo kuliko vyote. La pili ni nani wanamkataa, na kwa ukali gani. Idadi ya wanaompenda nakuja kuiuliza ya tatu, na kama nafasi ya makala ni finyu ndiyo ninayoiacha.

Jambo hili la nani ni chaguo la pili la nani lilionekana wazi zaidi mwaka 1995, tena kwa hesabu za kura. Waliofika mbele ya Mkutano Mkuu wa CCM walikuwa Jakaya Kikwete, Benjamin Mkapa na Cleopa Msuya. Duru ya kwanza Kikwete aliongoza kwa kura 534, Mkapa 459, Msuya 336. Hakuna aliyevuka nusu, ikabidi wawili wa juu warudiane. Duru ya pili Mkapa alipata 686, Kikwete 639. Toa hesabu: Kikwete aliongeza kura 105, Mkapa akaongeza 227. Wajumbe waliokuwa na Msuya waligawanyika, theluthi mbili hivi wakaenda kwa Mkapa. Kikwete aliukosa urais wa 1995 ndani ya kundi la mtu wa tatu. Waandishi waliokuwa wakihesabu nani anaongoza walikuwa sahihi, maana kweli aliongoza. Walichotakiwa kuuliza ni nani kati ya wale wawili angekubalika kwa watu wa Msuya.

Mwaka ule unafundisha jambo jingine kuhusu mlinda mlango. Mwenyekiti wa chama alikuwa Rais Ali Hassan Mwinyi. Mwalimu Nyerere alikuwa ameachia kiti hicho tangu 1990. Lakini neno la Mwalimu lilikuwa zito kuliko kiti. Alimuunga mkono Mkapa, na John Malecela, aliyekuwa waziri mkuu hadi mwishoni mwa 1994, hakufika tatu bora. Lowassa naye alijaribu mwaka huohuo, kijana bado, akakatwa mapema. Ukiandika majina pembeni ya kikao, basi, usiandike wajumbe rasmi tu. Andika na yule ambaye wajumbe wakishatoka nje watampigia simu.

Utaniuliza: sasa 2005? Pale aliyekuwa akitajwa na wengi ndiye aliyeshinda. Kweli. Kikwete alipata kura 1,072 pale Chimwaga, Dodoma, Salim Ahmed Salim 476, Mark Mwandosya 122. Salim alikuwa amewahi kuwa waziri mkuu na ameongoza Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuanzia 1989 hadi 2001. Kwa wasifu wa kimataifa hakuwa na mpinzani, na hilo halikumwokoa na matope aliyopakwa kuhusu siasa za Zanzibar za kabla ya Mapinduzi. Kikwete alikuwa na kitu kingine: miaka kumi ya kuwatafuta wajumbe mmojammoja tangu ashindwe na Mkapa. Ndio waliokuja kuitwa wanamtandao, na Lowassa alikuwa mmoja wa nguzo zake. Mtandao ule ulijengwa kwa ajili ya Mkutano Mkuu, na mwaka 2005 hakuna aliyeuzuia kufika huko.

Miaka kumi baadaye Lowassa alileta mbinu ileile, kubwa zaidi na yenye watu wengi zaidi. Tofauti ni kwamba safari hii waliokuwa wameshika vikao vya juu walikuwa wameinukia kwa mbinu hiyohiyo. Walijua inafanya kazi wapi, na kwa hiyo walijua ikomeshwe kabla ya kufika wapi. Sidhani kama kuna mtu duniani aliyeuelewa mtandao wa Lowassa vizuri kuliko mwenyekiti aliyekuwa amekalia meza kuu.

Fedha nayo uipime kwa kikao. Wajumbe wa Mkutano Mkuu ni maelfu machache, wanatoka mbali, wanalala Dodoma siku kadhaa. Huko ndiko hadithi za bahasha zinakozaliwa, na si ajabu kwamba nchi hii iliwahi kuwa na sheria iliyoruhusu takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapigakura, hadi Mahakama Kuu ilipoitupa mwaka 2006. Kwenye Kamati Kuu, yenye watu wasiofika hamsini, wengi wao wakiwa mawaziri au wenye matumaini ya kuwa mawaziri, bahasha haina maana. Mjumbe wa pale anafikiria kesho yake: huyu akiingia Ikulu, mimi nitakuwa wapi? Ukimwona mtia nia anamwaga fedha mikoani huku wajumbe wa Kamati Kuu wakimkwepa, ujue anatumia silaha mahali ambapo vita haipo.

Kuna lango jingine ambalo halimo kwenye ratiba yoyote, na mimi hulihesabu kabla ya yote. Ni kadi ya uanachama na kamati ya nidhamu. Februari 2014, zaidi ya mwaka kabla ya fomu kutolewa, CCM iliwafungia kwa miezi 12 makada sita waliokuwa wameanza kujinadi mapema: Lowassa, Sumaye, Membe, Stephen Wasira, January Makamba na William Ngeleja. Wengi waliliona kama onyo la kawaida. Tazama tena hayo majina sita, halafu jiulize ni wangapi walifika tatu bora. Hakuna. Februari 2020 Membe, aliyekuwa akitajwa kuwa angejitosa kumpinga Magufuli, alifukuzwa uanachama. Julai yake Magufuli aliteuliwa akiwa peke yake. Mashauri ya nidhamu ya mwaka mmoja kabla yanatabiri vizuri kuliko utafiti wa maoni wa wiki moja kabla, na ni ya bure kuyafuatilia.

Hii inanifikisha kwenye swali ambalo unapaswa kulimaliza hata kabla ya kuchukua kalamu: aliyepo madarakani anaondoka au anabaki? Kama anabaki, karibu hakuna cha kupima. Februari 2014 wabunge wa NRM ya Uganda walikutana Kyankwanzi na kupitisha azimio la kumtaka Yoweri Museveni awe mgombea pekee wa 2016. Amama Mbabazi, waziri mkuu wakati huo na katibu mkuu wa chama, alishiriki na mwishowe akaishia kugombea nje ya chama. Anayetarajia kwamba chama tawala cha ukanda wetu kitamtupa rais aliyepo kwa kura za ndani anaota mchana.

Kama anaondoka, swali linageuka: ana nguvu ya kumchagua mrithi, au ya kumzuia mtu tu? Ni nguvu mbili tofauti, na ya pili ni rahisi zaidi. Daniel arap Moi mwaka 2002 aliamua kuchagua. Alimtangaza Uhuru Kenyatta, na ndani ya KANU hakuna kikao kilichoweza kumzuia. Oktoba 14 Uhuru alipitishwa Kasarani. Siku hiyohiyo Uhuru Park, Raila Odinga, aliyekuwa ametoka KANU na wenzake, alitamka "Kibaki tosha". Desemba Mwai Kibaki wa upinzani alipata asilimia 62, Uhuru 31. Moi alishinda kila kikao cha chama na kupoteza nchi. Kikwete mwaka 2015, kwa namna ninavyomsoma, alikuwa na nguvu ya kuzuia kuliko ya kuchagua, ndiyo maana jina la mwisho likatoka mahali ambapo wachache walitazama.

Kenya ina somo jingine fupi. ODM ilipopiga kura Kasarani, Septemba 1, 2007, Raila alipata 2,656, Musalia Mudavadi 391, William Ruto 368. Kinyang'anyiro hakikuwepo pale, kwa sababu Kalonzo Musyoka, ambaye angekileta, alikuwa ameshajitenga na kubaki na ODM-Kenya. Ukiona mkutano mkuu mwepesi hivyo, mtafute aliyeondoka wiki chache kabla.

Kabla sijahama Tanzania, kuna vipimo viwili vya vijiweni ambavyo utavisikia kila safari. Cha kwanza ni dini: kwamba zamu inabadilishana. Orodha ya marais hadi 2015 inaonekana kukubaliana nacho. Haimo kwenye katiba ya chama wala ya nchi, lakini tuseme wajumbe wanaibeba vichwani. Hata hivyo haikusaidii: Lowassa, Membe na Magufuli wote walikuwa Wakristo. Kipimo kisichoweza kuwatofautisha watatu waliokuwa wakitazamwa hakina kazi. Cha pili, upande wa Muungano, kina uzito zaidi kwa sababu kimeandikwa: rais akitoka upande mmoja, mgombea mwenza lazima atoke upande wa pili. Kwa hiyo mjumbe wa Zanzibar anapompigia kura mtu wa bara anajua upande wake utapata nafasi ya pili. Kipime kama sehemu ya mapatano. Mwaka 2015 mapatano hayo ndiyo yaliyomleta Samia Suluhu Hassan kwenye tiketi, na matokeo yake unayajua.

Sasa Marekani. Hapana, hawajui mapema. Wanachokuwa nacho mapema ni utafiti wa maoni wa nchi nzima, na umewadanganya mara nyingi. Mwaka 2007 Rudy Giuliani aliongoza utafiti wa Warepublican kwa miezi mingi. Akaamua kuruka majimbo ya mwanzo na kuisubiri Florida, akashika nafasi ya tatu na kujitoa. Mwaka huohuo Hillary Clinton alikuwa mbele ya Barack Obama. Februari 5, 2008, Clinton alishinda New Jersey, jimbo kubwa, kwa tofauti ya wajumbe 11 wa mkutano mkuu wa chama: 59 kwa 48. Obama siku hiyohiyo alizoa Idaho, jimbo dogo ambalo Wademokrati hawalipi uzito, 15 kwa 3. Tofauti ya 12. Timu moja ilikuwa imesoma kanuni za kugawa wajumbe, nyingine ilikuwa imesoma magazeti.

Kule pia, basi, unaanza na kanuni, ila kanuni zenyewe ni za aina nyingine. Wademokrati hugawa wajumbe kwa uwiano wa kura, na asiyefikisha asilimia 15 hapati kitu. Warepublican huyaruhusu majimbo mengi kumpa mshindi wajumbe wote au karibu wote. Mwaka 2016 Donald Trump alipata asilimia 32.5 tu South Carolina, akabeba wajumbe wote 50. Wapinzani walikuwa wengi, kila mmoja akimsubiri mwenzake ajitoe, na kanuni zilimtuza aliye mbele hata akiwa na theluthi. Chini ya kanuni za Wademokrati angetoka pale na wajumbe wachache zaidi. Ukiniuliza nani alikuwa na nguvu mwaka ule, nitakujibu: kanuni gani?

Na kule pia kundi lisilo na mgombea huamua. Mwaka 2020 Joe Biden alikuwa wa nne Iowa na wa tano New Hampshire. Watu walimwandikia tanzia ya kisiasa. Kisha Jim Clyburn, mbunge wa South Carolina mwenye heshima kubwa kwa wapigakura weusi, alimuunga mkono, akashinda jimbo hilo kwa karibu nusu ya kura. Pete Buttigieg na Amy Klobuchar wakajitoa ndani ya siku mbili na kumpisha, na Jumanne Kuu ya Machi 3, siku ambayo majimbo mengi hupiga kura pamoja, Biden alichukua majimbo 10 kati ya 14. Hakugeuka mgombea mwingine ndani ya wiki moja. Waliokuwa wakigombania kura zilezile ndio walioondoka. Michael Bloomberg, aliyemwaga zaidi ya dola bilioni 1, alishinda American Samoa peke yake.

Hata hilo la "wanachama wenyewe" lina mipaka. Mwaka 1968 Hubert Humphrey aliteuliwa Chicago kuwa mgombea urais wa Wademokrati bila kushindana katika kura za mchujo. Vurugu za mwaka huo ndizo zilizosababisha mageuzi yaliyowapa wapigakura sauti waliyo nayo leo. Na mwaka 2024, baada ya mamilioni kumpigia Biden kura za mchujo, alijitoa Julai 21 na wajumbe wakamteua Kamala Harris. Sauti ya mwanachama wa Marekani ni kubwa kuliko ya mwanachama wa kwetu, sibishi. Lakini pakitokea dharura, kikao kidogo kinarudi kule pia.

Unaweza kusema nimeudharau umati wa Lowassa kupita kiasi. Hapana, nauweka mahali pake. Umati haukuwa na kura Dodoma Julai. Ulikuwa na kura Oktoba. Julai 28 alihamia Chadema, na kwenye uchaguzi mkuu alipata kura 6,072,848, karibu asilimia 40, dhidi ya 8,882,935 za Magufuli. Shangwe ni kipimo kizuri cha kitakachotokea kama mtu atakatwa, na kipimo kibaya cha kama atakatwa. Ndiyo maana kitu cha mwisho ninachokitazama ni kalenda, hasa muda kati ya mkutano mkuu wa chama na siku ya Tume ya Uchaguzi kupokea fomu. Sheria zetu hazimruhusu mgombea binafsi, kwa hiyo aliyekatwa anahitaji chama kingine na muda wa kukipata. Mwaka 2015 CCM ilimaliza Julai 12 na Tume iliteua wagombea Agosti 21. Siku 40 zilimtosha Lowassa kuhama na upinzani kumpokea. Mwaka 2025 CCM ilifanya kinyume: mkutano mkuu maalumu wa Januari 19, Dodoma, ulimpitisha Samia kuwa mgombea zaidi ya miezi tisa kabla ya uchaguzi, pasipo mtu mwingine kuchukua fomu. Aliyetaka kuhama alikuwa na muda tele. Ambacho hakuwa nacho ni mchakato wa kukatwa ndani yake, na bila kukatwa hadharani hakuna umati unaomfuata mtu kwenda kokote.